Damu ya Kidole

Nyumbani kwangu Kayanga kuna kabati la vioo, na ndani yake, kati ya Biblia ya marehemu baba na kamusi ya TUKI, kimesimama kitabu cheusi chenye maandishi ya dhahabu mgongoni. Wageni hukidhania kuwa kitabu cha sheria. Ni tasnifu yangu ya shahada ya uzamili, juu ya klorokwini na watoto wenye malaria katika wilaya ya Karagwe, kama wilaya ilivyokuwa wakati ule kabla Kyerwa haijakatwa kutoka kwake mwaka 2012. Zilichapwa nakala tano. Chuo kilichukua tatu, msimamizi wangu akachukua moja, na ya tano ndiyo hii. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi, hasa usiku. Kila mara jumla inatoka tano.

Ya kijijini haimo.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba jambo hili ni dogo na ni la kawaida, kwa kuwa watu wa kwetu wamezoea kuchunguzwa na watu wanaoondoka. Katika hilo sikukosea. Karagwe imeingia katika vitabu vya elimu ya viumbe mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, walipokewa vizuri, wakala, wakalala, wakapima na kuchora kila walichokiona. Yule mnyama wa kwenye matete tunayemwita nzohe, mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kukanyaga matope bila kuzama, alitokea hapa Karagwe na kupelekwa kwenye vitabu vya Ulaya, na leo jina lake la kitaalamu ni Tragelaphus spekii. Jina la Mnyambo aliyemwinda halimo ndani ya jina hilo.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha mguu wa Grant. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862, naye Grant akabaki kwa sababu mguu wake ulikuwa umevimba, umekakamaa, na baadaye ukawa unatoa usaha mwingi. Alibaki kwetu hadi Aprili. Alipokuwa na nguvu alikusanya mimea na kuichora, na mimea ya safari ile ilikuja kuchapishwa London katika miaka ya 1870. Kuhusu mguu wenyewe, aliuandika tu kama mgonjwa anayesimulia mateso yake, katika kitabu alichokitoa mwaka 1864. Zaidi ya miaka mia moja ikapita. Ndipo madaktari waliokuwa wakifuatilia kidonda cha Buruli, ugonjwa uliopewa jina la sehemu moja ya Uganda, waliposoma maelezo yale na kusema kwamba huenda kabisa hayo ndiyo maandishi ya kwanza duniani juu ya ugonjwa huo. Kwa hiyo mtu alikuja Karagwe kuchunguza, kumbe yeye mwenyewe ndiye akawa kielelezo. Jibu la mguu wake lilirudi akiwa amekwisha kufa zamani. Nakiri kwamba habari hii hunifurahisha kidogo, ingawa si vizuri kufurahia mguu wa mtu.

Jirani zetu wa Kiziba na wa visiwa vya Sese hawakupata cha kuchekesha. Robert Koch, Mjerumani yule aliyegundua kidudu cha kifua kikuu, alikuja upande wa ziwa mwaka 1906 na 1907 kutafuta dawa ya malale. Aliwadunga wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Kambi ya wagonjwa ilifunguliwa Kigarama. Wazee wa pwani ya ziwa walipokuwa wakikimbia mzungu mwenye sindano, hawakuwa wajinga.

Mimi nilikuwa kijana wa sekondari wakati damu ilipochukuliwa mkoa mzima. Wagonjwa wa kwanza watatu wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kabla ya watu kulijua jina hilo la UKIMWI waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden walipita katika vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, wakachukua damu ya watu wazima na ya watoto. Nakumbuka maneno ya watu sokoni Omurushaka. Wengine walisema ni mumiani wamerudi kwa sura ya madaktari. Wengine walisema damu inauzwa nje kwa kilo kama kahawa, na kama bei ya kahawa ilivyo, mkulima ndiye wa mwisho kuambiwa.

Uchunguzi ule ulikuwa kazi kubwa na ya heshima, na leo ninaposoma takwimu zake naona thamani yake. Ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa Bukoba Mjini asilimia 24.2 walikuwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba asilimia 10.0, Karagwe asilimia 4.5, Ngara na Biharamulo asilimia 0.4. Hebu tazama tofauti hiyo ndani ya mkoa mmoja. Mtu aliyekuwa akisema kwamba Wahaya wamerogwa, au kwamba Kagera nzima imelaaniwa, alijibiwa na namba hizo: ugonjwa ulikuwa unafuata barabara, biashara na mji. Japhet Killewo aliyeongoza kazi hiyo alipata shahada yake ya uzamivu Umeå mwaka 1994, na Gideon Kwesigabo aliyeendelea na vipimo vya miaka iliyofuata akapata yake mwaka 2001. Ni yeye na wenzake walioonyesha kwamba maambukizi yalikuwa yanashuka, na kwamba Karagwe ilikuwa imefika asilimia 2.6 mwaka 1999. Katika miaka ambayo dunia nzima ilitutazama kama wafu wanaotembea, habari kwamba ugonjwa unaweza kushuka ilitoka kwenye damu yetu wenyewe. Mimi kama mwalimu wa baiolojia niliwafundisha wanafunzi wangu namba hizo ubaoni.

Basi shahada nyingi zimejengwa juu ya damu ya mkoa huu, na sioni ubaya wowote katika hilo. Nyumba hujengwa juu ya kitu. Ubaya ninaotaka kuueleza ni mwingine, nao ni wangu.

Nilikuwa nimefundisha miaka sita nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili. Mada niliichagua mwenyewe. Katika vijiji vyetu kila mzazi alikuwa akilalamika kwamba klorokwini haimalizi tena omushwija, yaani homa. Mtoto anapata nafuu siku mbili tatu, kisha anarudia. Wengi walikuwa wanaichukia pia kwa vile inavyowasha mwili, na wengine walikuwa wamerudia majani ya omubirizi, machungu kama nyongo. Dalili za usugu wa klorokwini zilikwisha kuonekana Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini dalili si kipimo. Serikali haibadilishi dawa ya nchi nzima kwa sababu mama mmoja kalalamika. Panatakiwa vipimo kutoka mahali pengi, vya namna moja, na mimi nilitaka Karagwe iwe mojawapo ya mahali hapo.

Nilifika kijijini, upande ambao sasa ni Kyerwa, Mei 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimejaza mabonde, na zahanati ilikuwa na foleni hadi nje chini ya mparachichi. Kazi ilikuwa hivi: mtoto mwenye homa anachomwa kidole, tone la damu linapakwa kwenye kioo, kioo kinatiwa rangi ya Giemsa, nami nainama kwenye hadubini na kuhesabu vijidudu mpaka nifikishe chembe nyeupe 200. Akiwa na malaria anapewa klorokwini siku tatu, mbele ya macho yangu, ili asiyapate mtu kisingizio kwamba mtoto alitema dawa. Kisha anapimwa tena siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Vijidudu vikirudi, anapewa SP.

Kabla ya kuanza, mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano. Nilieleza yote kwa Kinyambo, lugha ya mama yangu, na nilijivunia sana kwamba sikuhitaji mkalimani. Mzee mmoja akauliza swali moja tu.

"Waitu mwalimu, damu hii ikienda, majibu yake yanarudi lini?"

Nikasema, "Mzee, kahawa ya mwakani ikianza kuiva nitarudi mimi mwenyewe kuwaambia."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa na sababu ya kuniamini, kwa kuwa mimi si mgeni. Nisingeweza kamwe kujificha nyuma ya ugeni.

Kati ya watoto wale alikuwamo mvulana wa miaka mitatu, mtulivu, ambaye hakulia hata siku ya kwanza. Mama yake alikuwa akimleta mgongoni, na tumboni alikuwa na mwingine. Siku ya tatu damu ya mtoto ilikuwa safi. Siku ya saba, safi. Siku ya kumi na nne nilipoweka kioo chake chini ya hadubini niliviona vimerudi, vipete vidogo vyenye kitone chekundu kama pete yenye jiwe, vingi kupita hata siku ya kwanza. Nikampa SP, akapona. Mama akanishukuru kwa mkungu wa ndizi. Katika daftari langu mtoto huyo alikuwa namba, na namba yake niliikoleza kwa kalamu nyekundu, kwa sababu, nakiri, nilifurahi. Mtafiti hufurahi anapopata alichokuja kukitafuta.

Vioo vyote nilivipanga katika sanduku la mbao, nikavisafirisha kwa basi hadi Bukoba, kwa meli ya MV Victoria hadi Mwanza, na kwa treni hadi Dar es Salaam, sanduku likiwa mapajani mwangu muda wote kama mtoto mchanga. Nikaandika. Nikaeleza kwamba klorokwini haifai tena kuwa dawa ya kwanza kwa watoto wa huko. Mwaka 1999 nikatetea tasnifu mbele ya jopo, nikapongezwa kwa takwimu nadhifu. Nakala tano zikafungwa jalada jeusi.

Kahawa ya mwaka huo ikaiva, ikavunwa, ikakaushwa, ikauzwa. Sikwenda. Nauli ilikuwa tatizo, hiyo ni kweli. Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha mkoa mwingine na mke wangu alikuwa mjamzito, hiyo nayo ni kweli. Lakini barua ingegharimu stempu moja, na barua sikuandika. Nilijiambia kwamba wanakijiji hawataelewa takwimu. Nilijiambia pia kwamba kusema klorokwini haifai wakati mwongozo wa nchi bado unasema ni dawa ya kwanza kungeleta fujo, na kwamba jambo hilo ni la wakubwa wizarani. Sababu zangu zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa na adabu.

Mwezi wa nane mwaka 2001 nchi iliacha klorokwini na kuweka SP. Uamuzi huo ulitokana na vipimo vya watafiti wengi, katika vituo vingi, kwa miaka mingi. Tasnifu yangu ilikuwa kokoto moja katika zege hilo, kama ilikuwamo kabisa.

Mwaka 2002 nilikwenda kijijini kwa msiba wa shangazi. Baada ya mazishi mama yule alinifuata. Mvulana wake alikuwa pembeni yake, mrefu, ana kaptura ya shule. Tulisalimiana vizuri sana. Kisha akauliza, bila ukali wowote:

"Mwalimu, ile damu ya huyu mtoto ilisema nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, maana ndiyo kazi yangu kueleza. Nikasema damu yake na ya wenzake ilionyesha kwamba klorokwini imeshindwa, ndiyo maana serikali imeibadilisha.

"Na wewe ulijua mwaka gani?"

"Tisini na nane, mama."

Akanyamaza. Nilimwona anahesabu, na mimi nikaanza kuhesabu kabla sijajua tunahesabu nini.

"Yule niliyekuwa naye tumboni alikuwa msichana," akasema. "Alikufa mwaka elfu mbili, mwezi wa tatu. Homa. Klorokwini niliinunua dukani, nikampa siku zote tatu kama ulivyotufundisha."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Akaniletea ndizi na maharage, akakaa nami mpaka nikamaliza. Nilikula zote. Hakuna chakula ambacho nimekikumbuka kwa muda mrefu kama kile.

Sitaki kujipaka majivu kupita kiasi. Mtoto wa umri ule anaweza kufa kwa homa hata baada ya kupewa dawa iliyo sahihi, na SP ilikuwa ghali kuliko klorokwini, na duka lile huenda halikuwa nayo. Haya yote nimeyapima. Lakini mama yule alitumia dawa ile kwa kuniamini mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nimeitoa kwa utaratibu mbele ya macho yake, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimfundisha kuitumia, kisha nikagundua kwamba haifai, kisha nikamwambia kila mtu isipokuwa yeye. Msimamizi wangu alijua. Jopo lilijua. Mhudumu wa maktaba, kama alifungua ukurasa wa muhtasari, alijua.

SP nayo haikudumu. Kufika mwishoni mwa mwaka 2006 nchi ilihamia dawa mseto, ile ya ALu, yenye vitu viwili kwa pamoja: artemetha, iliyotokana na mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu kale na ambao kemia yake ilimletea Tu Youyou tuzo ya Nobeli mwaka 2015, na lumefantrini. Nimezoea kuwaeleza watu kwa mfano wa shamba. Artemetha ni mtu mwenye jembe kali anayepita haraka na kuangusha magugu mengi kwa saa chache, kisha anaondoka. Lumefantrini ni yule anayebaki nyuma kwa siku kadhaa akiokota yaliyosalia. Ukimkosa mmoja, shamba linarudi kuwa pori.

Sasa, mwaka 2020 watafiti nchini Rwanda walitangaza kwamba katika damu iliyochukuliwa Masaka, karibu na Kigali, kati ya mwaka 2012 na 2015, walikuta kijidudu cha malaria chenye badiliko moja dogo. Kijidudu cha malaria kina protini inayoitwa Kelch13, iliyotungwa kama shanga zilizofuatana kwenye uzi, na shanga ya 561 ilikuwa imebadilika: pale palipotakiwa kuwa na ajinini, alama yake R, palikuwa na histidini, alama yake H. Wataalamu huandika R561H. Shanga moja tu. Lakini kijidudu chenye shanga hiyo, kikiwa bado kichanga, kinaweza kujikunja chini wakati jembe la artemetha linapita, kikasubiri, kikainuka tena. Badiliko hilo halikuletwa na msafiri kutoka Asia, ambako usugu wa namna hii ulionekana kwanza, huko Kambodia. Lilizaliwa hukuhuku kwetu. Mwaka 2021 Wanyarwanda walionyesha kwamba hata Rukara, upande wao wa mashariki, wagonjwa walikuwa wanachelewa kusafika damu. Kutoka Rukara kuja kwetu ni kuvuka Mto Kagera.

Mto huo haujawahi kuwa ukuta. Watu wa Kyerwa wana dada zao Rwanda na wajomba zao Uganda; Murongo unavuka daraja unaingia Kikagati; ng'ombe wanavuka, kahawa inavuka usiku, na mwaka 1994 wakimbizi walivuka kwa maelfu mpaka vilima vyetu vikawa na rangi ya plastiki. Mbu hana haja ya kuvuka mwenyewe. Anangoja mtu.

Mwaka 2021 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, chini ya mradi unaoongozwa na Deus Ishengoma, ilikusanya matone ya damu katika mikoa 13, yaliyokaushwa kwenye karatasi nene nyeupe, na vinasaba vya vijidudu vikasomwa kwa kushirikiana na watafiti wa Marekani, wakiwamo wa vyuo vikuu vya Brown na North Carolina. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Katika mkoa wa Kagera R561H ilikuwa asilimia 7.7. Lakini mkoa, kama tulivyoona mwaka 1987, huficha mambo. Ngara ilikuwa asilimia 1.4. Kyerwa, 14.4. Karagwe, 22.8, yaani sampuli 31 kati ya 136.

Niliposoma namba hiyo niliinuka nikaenda kufungua dirisha. Mwaka 1987 tulikuwa wilaya yenye nafuu. Safari hii sisi ndio tulikuwa juu.

Mwaka 2022 watafiti hao walikwenda katika zahanati ya Bukangara, wilayani Karagwe, wakafuatilia watoto 176 waliopewa dawa mseto za aina mbili. Nilipoisoma taarifa yao nilijiona mimi mwenyewe na hadubini yangu: damu ya kidole, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walithibitisha kwamba vijidudu vinachelewa kufa, na kwa hiyo usugu wa sehemu umekwisha kuingia Tanzania. Walithibitisha vilevile, na hili ndilo ambalo mtu wa kawaida anatakiwa alisikie kwanza, kwamba dawa zote mbili bado zinaponya zaidi ya asilimia 90 ya watoto, maana yule mwokotaji wa nyuma bado anafanya kazi yake. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu nao wamepita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kyerwa, wakipima hata watu wasio na homa. Mpwa wangu aliyepimwa alionyesha kidole chake kwa fahari. Kipimo cha haraka kilitoa jibu hapohapo, akapewa dawa hapohapo. Wametupita mbali katika hilo, na nasema hivyo bila wivu. Lakini jibu la R561H kipimo cha haraka hakilitoi. Hilo lilisafiri kwenye karatasi mpaka ng'ambo na kurudi kwa Kiingereza, katika jarida ambalo mimi mwenyewe nilitumiwa na mwanafunzi wangu wa zamani.

Nikaichapisha ile taarifa kwenye stationari ya pale Kayanga, nikapanda bodaboda.

Mama yule sasa ni bibi. Macho yamepungua lakini sauti alinitambua nayo kabla sijafika uani. "Karibu waitu mwalimu," akasema, "leo kuna msiba gani?"

"Hakuna msiba, mama. Nimeleta majibu ya damu."

"Ya nani?"

"Ya wote. Ya Karagwe na Kyerwa."

Akacheka, akaniwekea mkeka. Nilimweleza kwa Kinyambo, na nilikuta kwamba Kinyambo kinatosha kabisa. Habari za shanga na jembe alizielewa upesi kuliko baadhi ya wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Nikamweleza kwamba dawa mseto bado inaponya, ila kijidudu kimejifunza kujikunja, na kwamba dozi ni siku tatu hata homa ikikata siku ya kwanza, maana siku ya tatu ndiyo ya kuwakuta waliojikunja. Nikamwambia homa ikirudi baada ya dawa, asinunue nyingine dukani. Amrudishe mtoto zahanati na kuwaambia kwamba imerudi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtaja yule msichana, wala mimi sikumtaja. Kisha akaita ndani, akatoka mjukuu wa miaka kama sita, mtoto wa yule mvulana wangu mtulivu wa mwaka 1998. Akamwambia alete kile kikaratasi kilichoko juu ya kabati, nyuma ya redio.

Mtoto akaleta pakiti ya ALu. Ilikuwa ya vidonge 12, viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tatu, na imefunguliwa wiki iliyopita.

"Homa yake ilikata siku ya pili," bibi akasema, akinipa. "Nikasema hivi vingine nimwekee mdogo wake."

Nikapitisha kidole juu ya pakiti, tukahesabu pamoja kwa sauti, mimi, yeye na mtoto. Vilikuwa vimebaki vinne.

"Leo zahanati wanafunga saa ngapi?" akauliza, huku akitafuta kanga yake.